Maono ya Madame Kapinga

Katika kundi la maombi la kila Ijumaa, pale wilaya ya Kenya mjini Lubumbashi, kila mtu alikuwa ameshaona maono isipokuwa Madeleine Kapinga. Jirani yake mmoja aliona ngazi ya moto. Mwingine aliona jina la mwizi wa sufuria zake limeandikwa ukutani, tena bila kosa la herufi. Hata mzee mlinzi wa mlango, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kusinzia, aliwahi kuzinduka na kusimulia mto mweupe mpaka akina mama wakatoa leso. Kapinga alipofumba macho aliona giza, na ndani ya giza hilo hapakuwa na mtu wala kitu. Kitandani ndiyo kabisa: alilala kama gunia la makaa, na kulipokucha hakukumbuka kwamba alikuwa amekwenda mahali popote.

Jambo hilo lilimuuma kuliko alivyokubali kusema. Lilimuuma zaidi kwa sababu mumewe, Zéphirin, fundi wa friji, aliota kila usiku wa Mungu, na ndoto zake hazikumfaa mtu yeyote.

"Leo nimelota friji iko inaimba," alisema asubuhi moja, huku akichovya mkate kwenye chai.

"Inaimba nini?"

"Sikusikie muzuri. Ilikuwa Kibemba."

Kapinga alimtazama kwa wivu wa kweli. Mtu kufunguliwa mlango kila siku, halafu akaonyeshwa friji.

Mwanamke huyu alikuwa mwalimu wa watoto wadogo, wale ambao Lubumbashi huwaita watoto wa gardienne, ambao hawajafika shule ya msingi. Aliianza kazi akiwa msichana, chini ya paa la bati nyuma ya kanisa, watoto wamepangwa kwenye mabenchi marefu huku miguu yao ikining'inia. Alifundisha jinsi alivyofundishwa. Mwalimu alisema, nawe ukasema baada yake. Kuuliza kulikuwa kujitafutia fimbo, na katika miaka yake yote ya shule Kapinga hakuuliza swali hata moja. Baba yake, Mardochée, aliyekuja kutoka Kasai na kuuza vitambaa sokoni, alimtia hesabu kichwani kwa njia hiyo hiyo, akipaza sauti kati ya mteja mmoja na mwingine. Basi naye alipopata watoto wa kufundisha alisimama mbele yao, akavuta pumzi, akatamka neno la Kifaransa, kisha akaamuru: "Répétez." Wakarudia. Walirudia siku za juma, miezi, rangi, na wanyama wa porini ambao hakuna aliyewahi kuwaona. Mafundi wa kuchomelea vyuma ng'ambo ya barabara waliijua miezi yote ya mwaka kwa Kifaransa kwa sababu ya sauti yake tu. Mtaa mzima ulimwita Madame Répétez, na jina hilo alilivaa kama kitenge kipya.

Msidhani alikuwa mwalimu mbaya. Aliwapenda wale watoto kupita kiasi. Alijua nani huogopa radi, nani hagusi maharage, nani hulala na kidole kinywani na nani hulala na sikio la mwenzake mkononi. Watoto wake mwenyewe walikuwa wamekua na kwenda zao, mmoja Likasi na mwingine Mbuji-Mayi, na siku zake zote alikuwa amezimimina katika chumba kile. Hakuwa na hamu ya kitu kingine, na hilo ndilo lililomtia hofu mwaka huu.

Mwaka huu alikuja mkurugenzi mpya, Madame Brigitte, mwanamke mwembamba kutoka kaskazini ya Katanga, Mkatoliki, mjukuu wa mfanyakazi wa reli, mtu wa sauti ndogo isiyopenda kurudiwa. Jambo la kwanza alilofanya ni kutoa mabenchi. Akaleta mikeka, mabeseni ya maji, mchanga, vifuniko vya chupa, na udongo wa kichuguu uliokandwa vizuri. Mtoto aguse, alisema. Ajaribu, akosee, ajaribu tena. Na mwalimu aulize, kisha angoje.

Kungoja ndiko kulikomshinda Kapinga. Kuuliza aliweza. Alitupa jani kwenye beseni la maji na kuuliza kwa nini halizami, na watoto wakaliinamia wote, na kukawa kimya; na kimya kile kilimuwasha mwili mzima. Kabla mtoto hajafungua kinywa, Kapinga alikuwa ameshajibu kwa niaba yake. "Juu iko nyepesi. Répétez." Watoto walirudia kwa furaha, maana hawakuwa na ugomvi na mtu, kisha wakaliacha jani lielee peke yake. Madame Brigitte, akiwa amesimama mlangoni, alipepesa macho na kuondoka.

Sasa, chumba kimoja cha wadogo kilikuwa kinavuja, na mafundi walisema paa lake halitafaa mvua zikikolea. Baada ya Noeli madarasa mawili yangekuwa moja. Monitrice mmoja, yaani mwalimu mmoja, angebaki na watoto. Mwingine angehamia ofisini, kupokea wazazi na kuitikia simu. Monitrice wa pili alikuwa Tracy, binti mpole aliyetoka masomoni juzi tu, na aliyejua kungoja kana kwamba alizaliwa nako. Kapinga aliipita ofisi ile kila asubuhi. Meza, kiti, simu, kalenda. Humo ndani hapakuwa na pua hata moja ya kufuta.

Jumatatu moja ya Oktoba Madame Brigitte aliwaita wote wawili juu ya mkutano wa Jumamosi ya juma lijalo.

"Samedi ya wiki ingine bazazi bote batakuya," alisema. "Kila monitrice atatuletea maono ya centre yetu. Kisha njo nitaamua nani atabakia na batoto."

Laiti angelisema kwa Kifaransa. Lakini Madame Brigitte alikuwa amefikiri sana juu ya wazazi, ambao wengi wao hawana raha na Kifaransa cha mikutano, akatafuta neno safi la Kiswahili, akalipata, akalipenda. Neno hilo safi ndilo lililoharibu mambo. Tracy aliitikia kwa kichwa, kwa kuwa alitoka kwenye mafunzo ambako watu walizungumza juu ya mwelekeo wa kituo tangu asubuhi hadi jioni. Kapinga naye akaitikia kwa kichwa. Maono. Mbele ya wazazi wote. Yaani na hapa kazini wameanza.

Mtu mwingine angeuliza. Kapinga hakuwa na mazoea hayo.

"Madame Brigitte iko analomba maono," alimwambia mumewe jioni.

Zéphirin alikuwa uani, kichwa ndani ya friji ya mtu. Akakitoa. "Maono ya nini?"

"Ya centre. Samedi ya wiki ingine."

"Bakatolika nabo sasa banaonaka maono?"

"Njo vile nasikia. Mwenye hataona, anaenda ku bureau."

Zéphirin alifuta mikono kwa kitambaa, akafikiri kwa unyofu wote, maana alimpenda mkewe. "Nikupatie yangu? Leo nililota tena. Ilikuwa pneu ya gari, eko anatafuta wenzake."

"Aksanti, Papa Ntumba," Kapinga alisema, akimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza. "Ubakie nayo."

Alijaribu kila njia. Alifunga kula siku nzima, akalala na njaa, akaamka na njaa. Kesho yake jirani wa ngazi ya moto akamshauri kinyume chake, ale bukari, ugali mzito, na sombe ya majani ya muhogo yenye mawese mpaka ashindwe kuinama; akala, akalala, akaamka amevimbiwa. Aligeuza kitanda kikatazama mashariki. Aliomba kwa machozi, na machozi yale yalikuwa ya kweli, kwa sababu alikuwa anaiona meza ya ofisi waziwazi kabisa. Kama kulikuwa na maono yoyote aliyopewa juma lile, yalikuwa ya meza.

Oktoba ya Lubumbashi, kabla mvua hazijakata shauri, ni mwezi wa kusinzia. Joto hulala juu ya mabati na mabati hulia taratibu chini yake. Vumbi jekundu husimama hewani bila kuwa na safari, na mijakaranda huangusha maua yake kimya kimya mpaka barabara zigeuke zambarau na pikipiki zenyewe zionekane kupita kwa mbali, hata zikiwa karibu. Mchana mmoja wa juma lile watoto walikuwa wamelala kwenye mikeka baada ya uji, mikono huku, miguu kule. Kapinga aliketi kizingitini, nusu mwili kwenye kivuli. Akaona kope za Précieux zinacheza. Chini ya ngozi ile nyembamba macho yalikuwa yanakwenda huku na huku, yakifuata kitu. Akamtazama aliyelala pembeni yake, Chilufya, akamkuta anatabasamu na mtu asiyeonekana. Mwingine alinong'ona, mwingine alipiga teke kidogo kama mtu anayevuka mfereji. Chumba kizima kilikuwa kimeondoka. Walikuwa mbele yake wote, na hakuna hata mmoja aliyekuwapo, na joto lilikuwa jingi, na maua yalianguka, na Kapinga alijihisi kama mtu aliyeachwa kituoni alinde mizigo ya wenzake.

Hapo wazo likamjia. Kama kitu hiki kimekataa kuja kwangu, alijiambia, pengine kinakuja kwao.

Walipoamka aliwakusanya mkekani, bado wana alama za mkeka mashavuni.

"Batoto, mulilota nini?"

Kimya. Mwasho ule wa kawaida ukampanda.

"Muliona malaika? Semeni: niliona malaika. Répétez."

"Niliona malaika," watoto wakaitikia kwa sauti moja.

"Niliona mwangaza."

"Niliona mwangaza."

Ng'ambo ya barabara fundi mmoja wa kuchomelea naye akaitikia kwamba ameona mwangaza, na wenzake wakacheka. Kapinga alitazama zile nyuso zenye utii. Alikuwa na darasa zima la malaika na hakuna aliyekuwa wa kweli hata mmoja. Aliwaruhusu kwenda kucheza.

Jioni hiyo, akipika, jambo likamkaa. Miezi alikuwa nayo yeye. Rangi alikuwa nazo, na tembo, na twiga; aliweza kuvichukua kichwani mwake na kuvitia katika kinywa cha mtoto yeyote. Ndoto ya Précieux hakuwa nayo. Ilikuwa kwa Précieux peke yake, na Précieux asipoitoa, hakuna mtu duniani, hata Madame Brigitte na masomo yake, atakayeijua. Alisimama na mwiko mkononi mpaka bukari ikashika chini ya sufuria.

Siku iliyofuata aliketi karibu na Précieux alipofumbua macho, akauliza, kisha akauziba mdomo wake mwenyewe kwa kiganja. Alingoja. Mwasho ulikuja, ukapanda, ukafika kooni. Alingoja tu. Précieux alikuwa anatazama dari kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa huko.

"Biatu yangu bilienda ku masomo," alisema hatimaye. "Mi nikabakia."

Kapinga alisahau kwamba alikuwa ameziba mdomo. "Bilienda byenyewe?"

"Ee. Bilikuwa binachelewa."

"Na we ukafanya nini?"

Précieux alifikiri. "Nikabiita. Habikugeuke."

Miaka yote ile Kapinga alikuwa amesikia maelfu ya majibu ya watoto, na kila jibu alilijua kabla halijatoka. Hili hakulijua. Hakujua kitakachofuata, wala viatu vilifika au havikufika, na furaha iliyompata ilikuwa ya ajabu, ya mtu mzima anayesimuliwa hadithi mchana kweupe kazini. Aliona aibu kidogo kwa jinsi alivyoifurahia.

Kuanzia hapo mchana ulibadilika. Watoto walipogundua kwamba Madame anataka kweli kujua, na kwamba hatawasahihisha, walianza kuamka na maneno mdomoni. Chilufya alimwona mbuzi wa bibi yake anasema Kifaransa, tena anakemea. Mwingine aliona mvua ya uji, watu wote wametoka na vikombe. Mmoja alikuwa mwongo wa wazi. Lolote aliloota Chilufya, naye aliota, ila mbuzi wake alikuwa mkubwa zaidi. Mmoja alimtazama Kapinga kwa makini, akasema: "Nilikuona weye, Madame. Ulikuwa unalala." Jambo ambalo, tukisema ukweli, halikuwa ndoto.

Kisha Chilufya, bila kuambiwa, akaenda kwenye udongo akamfinyanga mbuzi wake, na ugomvi ukazuka juu ya mbuzi wa ndotoni ana miguu mingapi. Walihesabu kwa vifuniko vya chupa. Minne, na mmoja zaidi wa kukimbilia. Mbuzi akaanguka kwa ule mguu wa ziada, wakautoa, akasimama, wakaurudisha mahali pengine, akasimama bado, na wakashangaa, na wakaanza kuwafinyanga mbuzi wa kila aina ili waone yupi ataanguka. Kapinga alikuwa amechuchumaa kati yao, mikono imejaa udongo hadi viwikoni. Alipoinua kichwa alimwona Madame Brigitte nje ya dirisha, akiwatazama.  Bila shaka ameniona nikicheza na udongo, aliwaza, na kazi imelala. Alipoinua kichwa tena hapakuwa na mtu dirishani.

Palikuwa na mtoto mmoja ambaye hakusema ndoto yoyote. Huyu ni Abigaël, msichana wa macho makubwa anayelelewa na shangazi yake, kwa kuwa mama yake amekufa na baba yake, Paulin, anafanya kazi machimboni Kambove na hurudi mwisho wa mwezi, na siku hizi hata mwisho wa mwezi huwa hatokei. Kapinga aliketi karibu naye mchana baada ya mchana. Aliuliza, akangoja, na mtoto akamtazama tu. Ndipo akajua jambo lililomchoma moyo. Abigaël alikuwa hasemi tangu Septemba. Katika kurudia kwa pamoja midomo yake ilikuwa inacheza na wengine, na Kapinga alikuwa amemhesabu miongoni mwa wanaojua. Lakini sauti haikuwapo, haikuwapo hata siku moja, na zile kelele nzuri zilizompatia jina mtaani ndizo zilizomficha mtoto huyu mbele ya macho yake. Kapinga alikwenda chooni akalia, akanawa uso, akarudi.

Ijumaa, siku moja kabla ya mkutano, watoto wengine wakiwa kwenye maji, alihisi blauzi yake inavutwa kwa nyuma.

"Papa alikuwa mudogo," Abigaël alisema. Sauti yake ilikuwa nzito kuliko Kapinga alivyodhani. "Nikamubeba mu mugongo."

Kapinga alisubiri. Lakini ilikuwa imekwisha. Abigaël alikuwa amekwisha kuchukua bonge la udongo na kwenda zake, na Kapinga akabaki hapo amesimama kwa muda mrefu, bila kuthubutu kuvuta pumzi kwa nguvu, kama vile jambo lile lingeweza kumwagika.

Hata hivyo hesabu ilikuwa ile ile. Hakuna ngazi ya moto. Viatu, mbuzi, uji. Hakuna mkurugenzi ambaye angempa mtu darasa kwa ajili ya mbuzi.

"Utie chumvi kidogo," Zéphirin alimshauri Jumamosi asubuhi, akimpigia pasi kitambaa cha kichwa. "Useme uliona mwangaza juu ya bati. Nani atabisha?"

Angeweza. Alishasikia wengi wakifanya hivyo, na alijua namna sauti inavyopaswa kutetemeka. Lakini alikuwa ametoka kusikiliza watu wasiojua kujifanya, na uongo ule, alipoujaribu moyoni, ulimkalia vibaya kama kiatu cha mtu mwingine. Alimshukuru mumewe akaondoka.

Wazazi walikuwa wamejaa darasani. Watoto waliachwa uani kwenye mabeseni, na mama mmoja wa kuwaangalia. Paulin alikuwapo, buti zake bado na vumbi la Kambove; shangazi mtu alikuwa amempigia simu aje aulize mwenyewe kwa nini binti yake hasemi shuleni. Alikaa pembeni, mikono kifuani.

Tracy alitangulia. Alisimama na karatasi yake, akasoma polepole kwa Kiswahili. "Maono ya centre yetu ni haya. Tunatamani kila mtoto aguse, ajaribu, aulize bila kuogopa. Tunatamani mwalimu amsikilize mtoto kabla hajamfundisha." Akaendelea hivyo, maneno mazuri, yaliyofikiriwa, na wazazi wakaitikia kwa vichwa.

Kapinga alisikia masikio yake yanawaka. Tunatamani. Basi hiyo ndiyo iliyokuwa maana ya maono. Jinsi mtu anavyopenda mambo yawe. Juma zima la kufunga, na kuvimbiwa, na kugeuza kitanda. Kicheko na machozi vilimfikia kooni kwa pamoja na havikujua kipi kitangulie. Ofisi ilimwendea mbiombio, na meza yake na kalenda yake.

"Madame Kapinga," mkurugenzi alisema.

Akasimama. Hakuwa na karatasi.

"Bazazi, munanijua," alisema. "Madame alituomba maono, na mi nilizani ni maono ya kusali. Yenye banaonaka mu maombi."

Kicheko kililipuka, na hakikuwa kicheko kibaya chote, ingawa kingine kilikuwa kibaya. Kapinga alikiacha kipite.

"Wiki yote nilitafuta kuona kitu. Sikuone. Hata siku moya sijaonaka kitu, miye. Alors nikauliza batoto. Nikasema pengine bo njo banaona." Akaonyesha uani, waliko watoto. "Banaona. Kila siku. Na mi nilikuwa sijabaulizaka."

Akawaeleza juu ya viatu. Mama wa Précieux, aliyekuwa anacheka bado, aliacha kucheka. Kila asubuhi ni yeye anayemkimbiza mtoto kwa sababu ya viatu. Kisha mtu nyuma akauliza, kwa aibu: "Na wangu, aliona nini?" Kapinga akamwambia. Mwingine akauliza, na mwingine, na Kapinga alikuwa nazo zote, kila mtoto na yake, bila kuchanganya, na alipofika kwa mbuzi anayekemea kwa Kifaransa bibi yake Chilufya alijipiga paja na kusema mbuzi huyo anamjua. Chumba kilikuwa kimetulia namna ya ajabu. Watu wazima walikuwa wameinamisha vichwa kama wanaosikiliza mvua ya kwanza.

"Wa kwangu haonaki kitu," Paulin alisema kutoka pembeni. "Hasemaki."

"Alisema yana," Kapinga akajibu. Jana tu. "Alilota weye, Papa. Ulikuwa mudogo. Akakubeba mu mugongo."

Paulin alishusha mikono kutoka kifuani. 

"Alikuwa ananipeleka wapi?"

Wote wakamgeukia Kapinga, pamoja na Madame Brigitte. Majibu yalikuwa tayari ulimini mwake, mazuri matatu au manne, jibu la kumfurahisha mzazi na jibu la kumliza. Aliyameza yote.

"Sijue," alisema. "Enda umuulize."

Mtu yule mkubwa alitoka na buti zake. Kupitia dirishani walimwona anakwenda hadi kwenye udongo, anachuchumaa mbele ya binti yake, na kuuliza. Abigaël alimtazama. Hakusema. Paulin alifungua kinywa amsaidie, kama ambavyo yeyote kati yetu angefanya, na Kapinga dirishani aliweka kidole kwenye midomo. Paulin alikiona, akafunga kinywa.

Wakangoja. Ua la mjakaranda lilianguka kwenye beseni, na hakuna aliyeligusa. Karibu na bega la Kapinga sauti ndogo ya Madame Brigitte ilisema kwamba batoto badogo watabaki na Madame Kapinga, na kwamba mkurugenzi mwenyewe atazungumza na Tracy. Maneno hayo Kapinga alikuwa ameyangoja majuma mawili kwa njaa na kwa machozi. Aliitikia kwa kichwa bila kugeuka, maana Abigaël alikuwa anaweka udongo chini.

"Ku nyumba," mtoto alisema. "Ulisahau njia."

Paulin alibaki amechuchumaa, na safari hii hakuna mtu aliyemwambia la kujibu.